Siku moja tu Unguja, na mama hajawahi kukanyaga bahari: tupange vipi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Dodoma, nimelifupisha kidogo:

"Habari kaka. Mwezi ujao nakuja Zanzibar na mama yangu na mdogo wangu wa kike. Mama ana miaka 63, magoti yanamsumbua kiasi, ni mtu wa kanisa Anglikana huku kwetu na hajawahi kufika baharini maisha yake yote. Tunashuka na treni Ijumaa asubuhi, jioni tunachukua boti, tumeshalipia hoteli Paje usiku wa Ijumaa na Jumamosi, Jumapili mchana tunageuza. Kwa hiyo siku yetu kamili ni Jumamosi peke yake. Nimeandika orodha: Mji Mkongwe, kisiwa cha Changuu, shamba la viungo, Jozani, pomboo wa Kizimkazi, jua kuzama Nungwi, halafu jioni tupumzike hotelini. Rafiki yangu kanitisha, anasema alienda Paje akakuta bahari haipo, mchanga mtupu, wakati picha za hoteli zinaonesha maji mpaka mlangoni. Je orodha yangu inawezekana kwa siku moja? Na hayo maji vipi, nibadilishe hoteli?"

Dada asante kwa swali na mama mpe shikamoo yangu. Ntakujibu kwa kirefu kidogo sababu swali lako nimeulizwa na wengi, na wengi wanakuja kuniuliza wakiwa tayari wako kwenye boti ya kurudi.

Orodha yako haiwezekani. Ingawezekana ungekuwa peke yako na dereva asiyechoka, ila hapo hamna utakachokiona, utaona barabara tu. Nungwi iko kaskazini kabisa mwa kisiwa, Kizimkazi iko kusini kabisa, Paje iko mashariki, mji uko magharibi, yani umechora msalaba juu ya kisiwa kizima alafu unataka mama wa miaka 63 auzunguke wote siku moja na jioni awe na nguvu ya kufurahia bahari. Haitokuwa hivyo. Kabla hata hujachagua ubaki na kipi na ukate kipi, kuna kitu kimoja inabidi ukijue, maana ndicho kinachopanga siku nzima huku pwani, nacho ni maji. Sisi tuliokulia huku hatupangi kwenda baharini bila kuuliza maji yanajaa saa ngapi, lakini mgeni anapanga kila kitu, mpaka saa ya kula anaijua, ila maji hayajui.

Nakuelezea kwa ufupi. Bahari inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Ukubwa wa kujaa na kupwa unafuata mwezi. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa ndio kwanza umeandama, tunapata bamvua, yani maji yanajaa sana na yanatoka sana, tofauti yake inafika kama mita 4 kwenda juu. Mwezi ukiwa nusu tunasema maji mafu, hayajai sana na hayatoki sana. Sasa upande wa mashariki kama Paje, Jambiani, Bwejuu, pwani ni tambarare mno na mwamba uko mbali, kwa hiyo siku za bamvua maji yakitoka yanatoka kweli, unaweza kutembea zaidi ya kilomita moja kuelekea kwenye mwamba na maji hayajakufika magotini. Hicho ndicho alichokikuta rafiki yako. Hakudanganywa na hoteli wala hakudanganywa na picha, alifika saa ya kupwa tu, angekaa masaa sita angeona maji yamerudi pale pale mlangoni kama kwenye picha.

Na hapa ndo pazuri, saa zake zinajulikana. Kwa huku Unguja siku za bamvua maji yanajaa kwenye saa kumi jioni (na saa kumi alfajiri), na yanakupwa kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku. Siku za maji mafu inageuka, maji yanajaa kwenye saa nne asubuhi na kupungua jioni. Hata kama huna jedwali la maji wala programu kwenye simu, ukitazama mwezi angani ushajua nusu ya mambo.

Tarehe ulizonitajia nimeziangalia kwenye kalenda, Ijumaa yenu mnayofika ni mwezi mpevu. Kwa hiyo mnakuja kwenye bamvua. Usibadilishe hoteli, badilisha ratiba. Jumamosi maji yatajaa alfajiri kwenye saa kumi na kitu, yatakuwa yametoka yote saa nne, nne na nusu asubuhi, yatarudi taratibu mchana na kujaa tena kama saa kumi na nusu jioni. Maana yake asubuhi mnaenda kutembea, jioni mnakaa hotelini. Wengi wanafanya kinyume, asubuhi wanajilaza kwenye vitanda vya ufukweni wanatazama mchanga, saa tisa mchana ndo wanaondoka kwenda mjini wakati maji ndo yanaingia. Kinaniuma kila nikikiona.

Ngoja nikwambie kisa kimoja ndo utaelewa kwa nini nasisitiza. Miaka ya nyuma nilipokea familia moja kutoka bara, walikuja na bibi yao, naye kama mama yako hajawahi kuiona bahari. Walikuja na orodha ndefu kama yako na mimi sikuwabishia, nikawazungusha toka saa kumi na mbili asubuhi, viungo, mji, kisiwani, kaskazini, tumerudi mashariki saa mbili usiku na bibi kashalala kwenye gari. Asubuhi yake walikuwa na boti ya mchana, bibi akaamshwa saa tatu na nusu, akatolewa mpaka ufukweni amevaa kanga zake vizuri, maji yako kule mbali yanaonekana kama uzi mweupe. Akasimama pale akaniuliza, "mwanangu, bahari yenyewe iko wapi?" Nikamwonesha kwa kidole. Aliondoka hajagusa maji. Toka siku ile sijawahi kumpangia mgeni siku bila kutazama maji kwanza, na mtu akiwa na mzee ndo kabisa.

Haya, Ijumaa. Stesheni ya SGR Dar na gati ya boti viko karibu, bajaji ni dakika chache, kwa hiyo msiwe na papara, mama ale, apumzike, mpande boti ya jioni. Akae katikati au nyuma ya boti sio mbele, mbele ndo panarusha, na kipande cha tangawizi mdomoni kinasaidia kichefuchefu. Vitambulisho mshike mkononi. Mkifika bandarini mtakutana na papasi, vijana wanaokimbilia mizigo na kukutafutia gari, wengine ni watu wema tu wanatafuta riziki, ila wewe uwe umeshaongea na gari lako kabla ili mama asivutwe huku na huku. Mtafika Paje usiku, na kama mkifika kwenye saa nne maji yatakuwa yametoka tena, kwa hiyo usimpeleke mama gizani kutafuta bahari. Mwache aoge alale.

Jumamosi mwamshe saa kumi na mbili kasoro. Najua ni safari ya kupumzika na mnataka kulala, lakini niamini. Paje inatazama mashariki, jua linatoka baharini, na saa hiyo maji ndo yameanza kuondoka lakini bado yapo karibu, pwani ni shwari, hamna kelele, hamna wauza vitu, ni wavuvi na watoto wachache. Hapo ndo akanyage maji kwa mara ya kwanza. Kwenye boti jana yake atakuwa ameiona bahari, sawa, ila kuiona na kuikanyaga ni vitu viwili. Msimkimbize na picha, piga mbili tatu afu weka simu.

Chai ya hoteli, saa moja na nusu mko kwenye gari. Gari likubaliane bei ya siku, mafuta na kusubiri viwe ndani, uliza mara mbili, usikubali "tutaelewana". Mnapita Jozani, ipo njiani hamzunguki popote, ni msitu wa kima punju, wale wenye mgongo mwekundu na nywele zimesimama kichwani, hawapatikani kokote duniani zaidi ya Zanzibar. Asubuhi ndo wanakula na kurukaruka, mchana wanajilaza. Njia ya kwenye mikoko imejengwa kwa mbao, ni bapa, magoti ya mama yatakuwa salama. Mkae pale saa moja tu. Nendeni na vitambulisho vyenu, kuna bei ya Mtanzania na bei ya mgeni na hazifanani hata kidogo. Kama mama kaamka amechoka iruke Jozani bila kujuta, mkalale saa moja zaidi muende mjini moja kwa moja.

Mjini sasa. Mji Mkongwe umeingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000 na una mambo ya wiki nzima, ila nyie mna masaa matatu na mtu mwenye magoti, kwa hiyo ntakupa vitu vichache tu. Gari liwashushe Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana. Na hapa dada nakuomba usiharakishe, kwa mama yako hapa patakuwa pazito kuliko sehemu yoyote ya safari. Pale palikuwa soko la watumwa, Sultani Barghash alikubali kulifunga mwaka 1873, na mwaka huo huo wakaanza kujenga kanisa juu ya kiwanja kile kile. Madhabahu inasemekana imewekwa pale penye mti wa kuchapia watu, sakafuni kuna duara la marumaru nyeupe limezungukwa na nyekundu. Kuna msalaba wa mbao uliochongwa kutoka kwenye mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa mmisionari David Livingstone, kule Chitambo, ambako sasa ni Zambia. Na askofu aliyelijenga, Edward Steere, ndiye aliyeandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili na kutafsiri sehemu za Biblia, amezikwa humo humo nyuma ya madhabahu. Mama anayesoma Biblia ya Kiswahili toka utoto akisimama pale, mwenyewe atajua la kufanya, nimeona wengi wanakaa kwenye benchi wanasali kimya. Nje kuna lile shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo, limewekwa 1998, na minyororo yenyewe ni ya zamani kweli. Vyumba vya chini, wanamosema watumwa walifungiwa, vina ngazi nyembamba na dari liko chini sana inabidi uiname, huko mama abaki juu, nyie mshuke mmoja mmoja ili asikae peke yake.

Kutoka hapo mnatembea taratibu vichochoroni kuelekea Forodhani, ile bustani ya mbele ya bahari ambayo usiku inakuwa soko la chakula, sio mbali, ila mapumziko mnafanya Joz Kona, pale njia zinapokutana wazee wanakaa kwenye baraza wanakunywa kahawa na kubishana siasa na mpira. Kaeni hapo, kahawa chungu na kashata, wasalimieni wazee kwa shikamoo na mtapata stori ambazo hamna mtembeza wageni atakayekupa. Ukifika mbele ya bahari kuna Ngome Kongwe, waliyoijenga Waomani baada ya kuwatoa Wareno mwaka 1698, ndani ingia kuna kivuli na pa kukaa. Pembeni yake Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la 1883, sehemu yake ilianguka Desemba 2020, kwa hiyo itazameni kwa nje tu, hata kwa nje inasimulia. Urojo, ile supu nzito ya huku Zanzibar, mle mchana huo huo mjini, vibanda vipo vingi, usisubiri Forodhani ya usiku. Najua kila mtu amekwambia lazima uende Forodhani usiku, na ni kweli pana raha yake, lakini usiku huo mama anatakiwa awe Paje, huwezi kupata vyote.

Mavazi mjini ni mabega na magoti yafunikwe, mama na kitenge chake hana shida, ni mdogo wako ndo umkumbushe. Sio sheria ya kumtisha mtu, ni watu wanaishi pale, ni majumba yao na misikiti yao.

Saa saba mko kwenye gari, saa nane na robo mko hotelini. Na kuanzia hapo, dada, hamna kwenda popote. Hii ndo sehemu watu wanaidharau, wanaona kama kukaa hotelini ni kupoteza siku, wakati pesa kubwa mliyolipa mmeilipa kwa ajili ya masaa haya manne. Oga, kula kitu chepesi, samaki au pweza wa nazi na wali kidogo, mama ajinyooshe kitandani feni ikizunguka. Saa tisa mtoke. Mtakuta maji yanarudi na utayaona yanavyopanda, yanajaza mashimo kwanza, yanabeba ngalawa zilizokuwa zimelala ubavu, zinaamka moja moja. Kiti cha mama kiweke kivulini karibu na maji, sio kule juu karibu na baa.

Asiyejua kuogelea asiogope, Paje mawimbi makubwa yanavunjikia kwenye mwamba kule nje, ndani ni maji ya kiunoni yametulia na mchanga laini. Mshikeni mikono huku na huku, aingie mpaka kiunoni, akae chini maji yamfike kifuani. Maji ya chumvi na ya uvuguvugu, mwenyewe atasema magoti yamepata dawa. Avae ndala za kufunga au viatu vya mpira, kuna wale wadudu wa baharini wenye miiba myeusi, wengi wanakaa kwenye mawe na majani lakini hata mchangani anaweza kuwepo mmoja. Na kama kuna upepo mtaona wazungu wanapaa na yale matiara makubwa, Paje ni maarufu kwa mchezo huo, nyie mkae mbali na zile kamba, waulizeni watu wa hoteli wanapitia upande gani.

Bwawa la hoteli, uliza mapema wanaruhusu nguo gani. Hoteli nyingi haziruhusu kuingia na dira, kanga wala suruali za kawaida, na mama zetu hawavai nguo za kuogelea, nimeona mama anarudishwa mbele za watu na inaumiza. Uliza kwenye simu kabla hamjaja, na ukiuliza hilo uliza pia kama chumba kiko chini bila ngazi, kama umeme ukikatika wana jenereta, na kama bei waliyokutoza ni ya wakaazi. Bahari yenyewe haichagui nguo, mama aingie na kanga yake.

Ulivyovikata kwenye orodha usivililie. Changuu kobe ni wazuri, wale wakubwa walioletwa kutoka Shelisheli, ila kupanda na kushuka boti mara nyingi mnakanyaga kwenye maji na hakuna pa kushika, kwa magoti ya mama hapana. Nungwi ni safari ya peke yake, siku nyingine mlale huko huko, na huko maji hayatoki sana kama Paje. Pomboo wa Kizimkazi, hapa nasema wazi, siwapeleki wageni siku hizi nikijua boti kumi zitawazunguka na watu wanawarukia juu, wale wanyama wanataka kupumzika na wao. Viungo, kama Jumapili mna muda mnaweza kupitia mkielekea bandarini, mashamba yapo Kizimbani na Kidichi, sio mbali na mjini, ila mimi ningewaambia mbaki Paje.

Sababu Jumapili kuna kitu. Maji yatakupwa kwenye saa tano asubuhi, na siku za bamvua ndo siku za akina mama wa mwani, yale majani ya baharini, wanafuata maji yakitoka wanaenda kwenye mashamba yao, vijiti na kamba mpaka mbali, wanafunga mbegu na kuvuna. Kilimo hiki kimeanza huku Paje na Jambiani mwaka 1989 hivi na wanaokifanya kwa sehemu kubwa ni wanawake, kina mama wa umri wa mama yako kabisa. Kabidhini chumba, mizigo iachwe mapokezi, mtembee polepole mpaka walipo, mama yako awasalimie. Hapo utashangaa, mkulima wa Dodoma na mkulima wa baharini hawachukui dakika tano washaanza kuulizana bei na mvua. Picha ombeni kwanza. Sabuni ya mwani mnunue kwao kijijini. Saa sita mrudi, saa sita na nusu muondoke, boti mtaiwahi.

Kama wewe msomaji mwingine unasafiri siku za nusu mwezi, geuza kila kitu nilichosema, asubuhi kaa baharini mpaka saa tano maji yamejaa, saa nane ondoka kwenda mjini, kahawa ya jioni, Forodhani ya usiku, urudi umelala kwenye gari. Na kama ni siku za katikati, ambapo maji yanakupwa saa saba mchana, utayapata mapema sana asubuhi na jioni ya kuelekea magharibi, mchana wote ni wa kutembea.

Dada, mama akitaka kubeba maji ya bahari kwenye chupa kupeleka Dodoma, na karibu wote wanataka, mchote Jumapili alfajiri kabla hayajaenda mbali, acheni nafasi kidogo juu ya chupa, mfunge na nailoni, na msiiweke kwenye begi la nguo.